Nilivyobadilisha bushi za nyuma za Mazda Roadster hapa Mbeya

Gari langu ni Mazda Roadster ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005, ambayo nje ya Japani hujulikana zaidi kwa jina la MX-5. Ni gari dogo la viti viwili lenye injini mbele na linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kila gurudumu linashikwa na wishiboni, yaani mkono wa chuma, ya juu na ya chini, na pale wishiboni inapoungana na fremu kuna bushi, yaani bomba dogo la chuma lililozungushiwa mpira mzito, nao mpira umegandishwa ndani ya ganda la nje. Kwa gari la aina hii bushi ni kama sehemu ya usukani, kwa sababu zikilegea, magurudumu ya nyuma huanza kujichagulia njia.

Dalili nilizipata kwenye kona za kupanda kutoka Igawilo kuelekea Isongole. Kila nilipopunguza mafuta nikiwa katikati ya kona, sehemu ya nyuma ilijisogeza pembeni kisha ikatulia, na kwenye matuta ya barabara kuu ya Tanzam ulisikika mgongano mfupi chini ya kiti changu. Tairi la nyuma la kushoto nalo lilikuwa limelika upande wa ndani, ilhali upande wa nje bado lilikuwa na kashata (meno ya tairi) za kutosha. Fundi wa kwanza alishauri tubadilishe shokapu, lakini shokapu zilikuwa kavu na gari halikuwa likinesanesa baada ya tuta, kwa hiyo nilipeleka gari kwa fundi mwingine na kumwomba tuingize mtaimbo kati ya wishiboni ya chini na fremu, kisha tuusukume taratibu. Wishiboni ilicheza mbele na nyuma kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Tulipomulika tochi tuliona bomba la ndani limeshuka hadi karibu na ukingo wa chini wa tundu badala ya kukaa katikati, mpira umechanika nusu duara, na unga wa kahawia wa kutu umejaa kwenye ufa.

Kuhusu bushi mpya, niliagiza za mpira kutoka Dar es Salaam, nazo zikaja kwa basi. Zipo pia za polyurethane, aina ya plastiki inayonyumbuka, ambazo ni ngumu zaidi na hupendwa na wanaoshindana, ila zinahitaji grisi maalumu na hupitisha mtetemo mwingi zaidi ndani ya gari. Kwa barabara zetu, zenye matuta na mifereji inayochimbwa na matairi ya malori, naamini mpira ndio unaofaa.

Bolti za ndani za wishiboni ya chini ndizo zinazotumika kurekebisha alaimenti ya nyuma, yaani mkao na mwelekeo wa magurudumu. Vichwa vyake vina bamba la duara ambalo kitovu chake hakiko katikati, hivyo ukiizungusha bolti, wishiboni nzima husogea. Kabla ya kugusa nati yoyote nilipiga alama kwa rangi kwenye kila bamba na kwenye fremu, kisha nikapima urefu kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa madigadi wakati gari likiwa limesimama chini. Kipimo hicho kilikuja kutufaa sana.

Kazi nzito ilikuwa kuzitoa bolti hizo, kwa kuwa hushikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi. Tulizinyunyizia mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake, tukazizungusha kidogo kidogo kwenda na kurudi, na moja iliyokataa kabisa tulilazimika kuikata kwa msumeno wa chuma pande zote mbili za bushi. Anayepanga kazi hii aagize bolti mpya pamoja na bushi. Bushi za zamani tulizisukuma nje kwa presi, soketi kubwa ikipokea upande wa pili, na mpya tukaziingiza kwa kubana ganda la nje tu, maana ukisukuma mpira au bomba la katikati unaiharibu bushi kabla haijafanya kazi.

Tulipomaliza kupachika wishiboni, fundi alishika spana na kusema, “Bosi, tukaze kabisa sasa hivi, gari likishuka hatutafika vizuri.” Nikamjibu, “Fundi, naomba tuzibane kwa mkono tu kwanza.” Sababu ni kwamba nati ikishakazwa, bomba la ndani halizunguki tena, wishiboni inapopanda na kushuka ni mpira wenyewe unaojisokota. Ukikaza magurudumu yakiwa yananing’inia, gari linaposhushwa mpira unakuwa tayari umesokoteka hata likiwa limeegeshwa, na kila tuta linauongezea msokoto hadi uchanike mapema. Kwa hiyo tulirudisha magurudumu, tukayaweka juu ya mbao nene zilizopangwa imara, tukalitikisa gari hadi likakaa sawa, na nikahakikisha kipimo cha habu hadi madigadi kinalingana na kile cha mwanzo. Hapo ndipo fundi alipoingia chini na kukaza kila nati kwa spana ya kupimia nguvu, kwa viwango vya kitabu cha gari. Alifika bila shida, nami nilimshukuru kwa uvumilivu wake.

Alama za rangi zilitosha kunifikisha polepole kwenye mashine ya alaimenti, lakini hazitoshi kuendelea kutembelea, kwani bushi mpya hubadilisha mkao wa wishiboni. Baada ya vipimo nilirudi Isongole asubuhi barabara ikiwa kavu. Nilipunguza mafuta katikati ya kona zilezile, na gari likaendelea kufuata mstari niliouchagua. Mgongano kwenye matuta haupo tena. Bushi za mbele tulizikagua kwa mtaimbo uleule. Mipira imeanza kuwa na nyufa ndogo juujuu lakini haijaachana na chuma, kwa hiyo nitazikagua tena mvua za masika zitakapokwisha.