Madai ya bima ya nyumba baada ya moto wa nyika: nilivyoyaendesha hadi malipo ya mwisho

Siku ileile niliyotoa taarifa ya hasara niliiomba kampuni ya bima nakala kamili ya hati yangu, pamoja na viambatisho vyake vyote. Wengi wetu tunabaki na karatasi ya muhtasari inayoonyesha ada na kiwango cha juu cha malipo, na karatasi hiyo haitoshi. Ndani ya hati kamili ndimo yalimo mafungu, na kila fungu lina ukomo wake: jengo, mali za ndani, banda na uzio, kuondoa kifusi, gharama za kuishi nje ya nyumba, na nyongeza ya kujenga kwa kufuata kanuni mpya za ujenzi. Hilo la mwisho husahaulika sana. Nyumba ya miaka 30 iliyopita huenda isiruhusiwe kujengwa upya vilevile ilivyokuwa. Nyaya, paa na madirisha vitatakiwa vifuate kanuni za sasa, na kama fungu hilo halimo, tofauti unaibeba wewe.

Mambo mawili niliyatafuta kwenye hati kabla ya mengine yote. La kwanza: je, nalipwa thamani iliyochakaa au bei ya kununua kipya? Chukua mashine ya kufulia inayotarajiwa kudumu miaka 10. Ikiungua ikiwa na miaka 4, inahesabiwa imechakaa kwa asilimia 40. Bima ya thamani iliyochakaa italipa asilimia 60 ya bei ya mashine mpya na kuishia hapo. Bima ya kubadilishiwa kipya mara nyingi hutanguliza hiyo 60, kisha 40 iliyobaki hutoka ukileta risiti ya mashine uliyonunua, ndani ya muda uliowekwa. La pili ni sharti la uwiano. Kama kuijenga nyumba upya kunagharimu 100 nawe uliikatia bima ya 60, hati yenye sharti hilo hulipa asilimia 60 ya hasara yoyote, hata ndogo. Hasara ya 30 italipwa 18. Ndiyo maana nilitafuta makadirio ya kujenga, kwa kila mita ya mraba, kutoka kwa mkandarasi asiyehusiana na kampuni ya bima, mapema kabisa.

Kabla mtathmini wa hasara anayetumwa na kampuni hajafika sikuondoa kitu. Kusafisha mapema huharibu ushahidi, na kampuni ina haki ya kuona hasara yenyewe. Kinachoruhusiwa, tena unachotakiwa kukifanya, ni kuzuia hasara isizidi: turubai juu ya paa lililotoboka, mbao kwenye madirisha yaliyopasuka. Risiti za vitu hivyo huingia kwenye madai.

Jivu la nyumba si jivu la kuni. Lina rangi za zamani zenye risasi, plastiki iliyoungua, mabaki ya betri na dawa za bustani, na katika nyumba za zamani hata asbesto, madini yanayodhuru mapafu. Nilivaa barakoa ya N95 iliyobana vizuri usoni, miwani ya kuziba, glavu, mikono mirefu na viatu vya soli ngumu, na nguo hizo sikuingia nazo ndani ya gari. Jivu halifagiliwi likiwa kavu wala halipulizwi kwa mashine ya majani. Lilowanishe kwa ukungu mwepesi wa maji. Angalia pia unapokanyaga: mizizi ya mti huendelea kuungua chini kwa chini na kuacha shimo lililofunikwa kwa tabaka jembamba la udongo.

Nilipiga picha kila chumba kutoka pembe zote nne, kisha kila ukuta, kisha vitu kimoja kimoja. Hata palipobaki jivu tupu, vitu vya chuma husimulia chumba kilikuwaje: springi za godoro zinaonyesha kitanda kilikuwa kikubwa kiasi gani, fremu ya jiko inabaki na kibao cha namba ya modeli. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, kwa hiyo sufuria zinaweza kuonekana kama dimbwi la rangi ya fedha lililoganda sakafuni. Piga picha dimbwi hilo na uandike lilikuwa sufuria ngapi. Kuchekecha jivu kwa wavu wa tundu la milimita 6 hutoa pete, sarafu na vigae, maana dhahabu huhitaji zaidi ya nyuzi 1,060 ndipo iyeyuke. Sefu isifunguliwe ikiwa bado ina joto. Hewa ikiingia ghafla, karatasi zilizokauka ndani zinaweza kushika moto mbele ya macho yako. Iache ipoe kabisa, hata ikichukua siku kadhaa.

Kazi kubwa kuliko zote ni orodha ya mali za ndani, na hapa ndipo watu hupoteza fedha nyingi kwa uchovu. Usianze na vitu vya thamani. Anza na mlango wa chumba, kisha kizunguke kwa mawazo kama unaingia usiku kutafuta kiberiti: swichi, pazia, fimbo ya pazia, kulabu zake, meza, droo ya kwanza, droo ya pili. Droo moja ya jikoni inabeba visu, vijiko, kifungulio cha chupa, mkasi, betri, vibiriti, uzi, na ukiandika tu "vyombo vya jikoni" utalipwa kana kwamba ni vijiko sita. Jedwali langu lilikuwa na safu saba: kitu, chapa na modeli, idadi, umri, mahali kiliponunuliwa, bei ya kukinunua leo pamoja na kodi, na ushahidi. Vitu vidogo nilivikusanya lakini kwa idadi: soksi jozi 14, taulo 9. Viungo, dawa za kabatini, sabuni, balbu za akiba na misumari ya kwenye kopo vyote ni mali.

Ushahidi upo mahali pengi kuliko unavyodhani. Picha za sherehe zilizomo kwenye simu za ndugu huonyesha makochi na televisheni nyuma ya watu. Barua pepe zina risiti za miaka, benki hutoa taarifa za malipo, na maduka ya mtandaoni hutunza historia ya manunuzi. Umri uandike kwa ukweli. Ukikamatwa umetia chumvi kwenye kitu kimoja, dai zima linaweza kukataliwa.

Nyumba iliyosimama lakini imejaa moshi ina ugumu wake, kwa sababu mtathmini anaweza kuitazama dakika 20 na kusema inahitaji kusafishwa tu. Omba vipimo vya maabara: utepe unabandikwa juu ya uso wa kitu na kuchunguzwa kama una masizi, makaa au jivu. Sampuli zichukuliwe darini, ndani ya mabomba ya hewa, nyuma ya makabati na kwenye sufi ya kuzuia joto, ambayo kwa kawaida hutolewa na kuwekwa mpya. Masizi usiyafute kwa kitambaa chenye maji. Yanapakaa na kuzama kwenye rangi. Hutangulia sponji kavu ya masizi na kifyonza vumbi chenye chujio cha HEPA, kinachonasa chembe ndogo sana. Msingi wa zege nao upimwe. Zege lililofika nyuzi 300 hivi mara nyingi hugeuka rangi ya waridi, na hiyo ni dalili ya kumwita mhandisi achukue sampuli kabla ya mtu yeyote kusema msingi utatumika tena.

Maji pia yapimwe. Baada ya moto wa Santa Rosa mwaka 2017 na wa Paradise mwaka 2018, huko California, benzini, kemikali ya sumu, ilipatikana kwenye mabomba ya maji. Kuchemsha maji hakukuondolei hatari hiyo, kwa sababu benzini hutoka na mvuke unaouvuta. Gharama ya kipimo niliiweka kwenye madai.

Kwa gharama za kuishi nje, kinacholipwa ni ziada juu ya matumizi yako ya kawaida. Kama chakula kilikuwa 300 kwa mwezi na sasa ni 500, dai ni 200, kwa hiyo tafuta pia ushahidi wa miezi ya nyuma. Malipo ya awali unaweza kuyaomba mapema; nguo na malazi havisubiri orodha ikamilike.

Kila simu niliiandika: tarehe, saa, jina, kilichosemwa. Kisha nilituma barua pepe fupi siku ileile: "Kama tulivyozungumza leo, mmeahidi kunijibu kuhusu paa ifikapo Ijumaa." Watathmini hubadilishwa katikati ya kazi, na mgeni hajui ahadi za mwenzake. Makadirio ya kwanza ya kampuni niliyalinganisha na ya mkandarasi wangu mstari kwa mstari. Mara nyingi bei hazitofautiani sana. Tofauti kubwa hutokana na kazi zilizoachwa nje: kibali, michoro, kupima udongo, kutoa mabaki ya msingi.

Usitie saini karatasi yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho" wakati bado unadai, na soma nyuma ya hundi pia. Kama nyumba ina mkopo, hundi ya jengo inaweza kutoka kwa majina mawili, lako na la mkopeshaji, naye huachia fedha kwa hatua baada ya ukaguzi. Muulize ratiba yake kabla hujasaini mkataba na mkandarasi, la sivyo fundi atasimama katikati ya kuta.

Ile asilimia ya uchakavu iliyozuiwa niliidai kwa awamu, kila mwezi, risiti zikiwa na namba ya mstari wa kitu kwenye orodha. Risiti ya mashine ya kufulia iliandikwa "mstari 212", ikalipwa bila swali.