Nyanya ilivyoniaibisha mbele ya mama mkwe

Aisee nyanya iliniaibisha, nakata kachumbari kisu kinateleza tu juu ya ganda af kinaingia kwa kuponda, maji yamejaa ubao mzima, mama mkwe ananiangalia weee mwisho akauliza, "mwanangu, hicho kisu au kijiko?" Fundi wa kunoa wa baiskeli anapitaga mtaani kwetu akijisikia, na lile gurudumu lake likitoa cheche ujue kisu kinarudi chembamba, so nikaamua nitafute kinoleo changu.

Nikaanza na kile cha kuvuta, cha mshikio na matundu mawili, nilikipata Kariakoo kwa machinga. Tundu la kwanza lina vyuma viwili vigumu vimekaa kama V, la pili vijiti vya kauri. Mwanzo raha jamani, unavuta mara tano nyanya inakatika bila nguvu. Ila cheki vumbi la chuma linalobaki mezani! Lile la vyuma linakwangua kisu, na mimi nilikuwa navuta kila Jumapili, kumbe nakimaliza. Baada ya miezi makali yakaliwa katikati, ukikilaza makali kwenye ubao unaona mwanga unapita chini, na kitunguu unakata kinabaki kimeshikana kama mnyororo.

Sasa natumia jiwe la pande mbili, 400 na 1000. Namba ni kama za msasa tu, ndogo ndo inakwaruza zaidi, kwahiyo 400 ni ya kisu chenye mapengo, cha kawaida 1000 inatosha. Unaliloweka mpaka liache kutoa mapovu, chini unaweka kitambaa kibichi lisiteleze. Kipimo cha kulaza kisu: kisimamishe wima, laza nusu, laza nusu tena, hapo ni kama digrii 20. Sugua upande mmoja wa kisu mpaka ukipapasa upande wa pili usikie kama kiuzi cha chuma, ndo ugeuze. Mimi dakika 15, mwanzo nilikuwa nachukua saa zima na kulaani.

Kile cha kuvuta sijakitupa, siku za haraka napitisha kwenye kauri tu. Kisu cha mkate chenye meno hapana, usijaribu.

Juzi mama mkwe kanikuta na jiwe langu kwenye beseni, akacheka, akachukua kikombe cha chai akakipindua, akasugua kisu kwenye lile duara la chini lenye mkwaruzo, mara nane hivi, akaomba nyanya.