Wigo mpana si nguvu: tathmini yangu ya seftriaksoni

Hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, wateja wengi wanaofika kwenye dirisha langu la dawa huomba "ile sindano kali", nao humaanisha seftriaksoni, antibayotiki ya sindano yenye wigo mpana, yaani inayoua aina nyingi za bakteria. Mimi ni mfamasia na sina ugomvi na dawa hiyo. Tatizo liko katika namna tunavyoipima, kwa kuwa tunahesabu aina za bakteria inaowaua, kisha tunadhani wingi huo ndio ukali.

Sifa zake ni za kweli. Hukaa mwilini muda mrefu kiasi kwamba kwa maambukizi mengi sindano moja kwa siku hutosha, na hupenya kwenye utando wa ubongo uliovimba, ndiyo maana mtu mzima anayeshukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo inayotokana na bakteria huanzishiwa gramu 2 kila baada ya saa 12 bila kungoja majibu ya maabara. Hapo upana wake una kazi.

Sasa mchukue mgonjwa wa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ambaye mkojo wake umeoteshwa maabara wakapatikana bakteria waitwao enterokoki. Seftriaksoni haiwafai, kwa sababu bakteria hao ni sugu kwa sefalosporini, kundi la dawa ambalo seftriaksoni imo, kwa maumbile yao, ilhali amoksilini, ambayo wengine huidharau kuwa dawa ya watoto, mara nyingi huwamaliza.

Upana una gharama pia. Sehemu ya dawa hii hutoka kupitia nyongo na kuingia utumboni, ikaua bakteria wasio na madhara na kuwaachia nafasi wale wenye vimeng'enya vya kuivunja. Shirika la Afya Duniani, lilipoyapanga makundi ya antibayotiki mwaka 2017, liliiweka katika kundi la kutumiwa kwa uangalizi.

Kipimo ninachokiamini ni cha maabara: kiduara cha karatasi chenye mikrogramu 30 za dawa huwekwa juu ya vimelea vilivyopandikizwa, na kwa bakteria aitwaye E. coli, eneo tupu kukizunguka, pasipoota vimelea, lenye kipenyo cha milimita 23 au zaidi humaanisha dawa inafaa, 19 au pungufu humaanisha usugu. Ila sampuli ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza, kwani baada ya hapo vimelea huweza kushindwa kuota, na daktari akabaki na dawa pana asiyojua aibadilishe kwa ipi.