Nilimtafuta kwenye rejesta, hakuwemo

Pauni 60 kila Jumamosi, Jumamosi sita mfululizo. Ndizo nilizomlipa mama mmoja aliyejiita "mshauri wa mawasiliano ya watoto", mwanangu alipotimiza miaka mitatu na maneno yake hayazidi kumi. Tunaishi Northampton, nilikuwa nafanya kazi zamu ya usiku, na miadi ya hospitali ilikuwa bado mbali. Ukuta wake ulijaa vyeti. Akaniambia tuache Kiswahili nyumbani, eti kinamchanganya mtoto.

Nikaacha. Miezi miwili nilimlaza mwanangu bila kumwimbia. Nyanya yake akipiga simu kutoka Mombasa namwambia, "Mama, zungumza naye Kizungu." Kizungu cha Mama ni cha salamu tu. Akawa anamtazama mjukuu wake kwenye simu, kimya.

Siku yetu ya hospitali ilipofika, mtaalamu wa tiba ya usemi alishtuka kusikia habari hiyo. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, akasema, rudini kwenye lugha yenu leo hii. Kisha akaniuliza kama yule mama nilimtafuta kwenye rejesta. Rejesta gani?

Ya HCPC, baraza linalosimamia fani 15 za afya hapa Uingereza. Iko wazi mtandaoni, unaandika jina tu. Aliyesajiliwa husajiliwa upya kila baada ya miaka miwili, na akiharibu kazi anaweza kufutwa. Usiku ule nikamtafuta. Hakuwemo. Wala hakuvunja sheria, kwa kuwa sheria inalinda jina la mtaalamu wa tiba ya usemi: ukijiita hivyo na hukusajiliwa, ni kosa la jinai. Yeye hakujiita hivyo. Alichagua jina la pembeni, nami sikujua kwamba tofauti ya maneno mawili matatu ndiyo kinga yangu yote.

Hospitalini walimpima na masikio. Kumbe nyuma ya viwambo kulikuwa na ute mzito. Mtoto alikuwa anatusikia kama mtu aliyezama majini. Hakuna aliyewahi kutaja masikio katika zile Jumamosi sita.

Sasa nimeshaumwa na nyoka, nikienda popote natafuta majina. Nikamtafuta odiolojisti, yaani mtaalamu wa usikivu, aliyempima mwanangu. Hayumo! Moyo ulinidunda, nikamuuliza. Hakukasirika. Alinieleza kwamba jina la odiolojisti halilindwi, na yeye amejiandikisha kwa hiari kwenye rejesta nyingine ambayo sheria haimlazimishi kuwamo.

Nimelitafakari hili wiki nzima. Anayekupima ili akuuzie kifaa cha kusikia dukani lazima awe amesajiliwa. Wauzaji hao walikuwa na baraza lao tangu sheria ya mwaka 1968, na mwaka 2010 wakahamishiwa HCPC. Lakini anayempima mtoto mchanga hospitalini, mtoto asiyeweza hata kusema "sisikii", sheria haimdai usajili. Naona limepinduliwa. Wenye duka walibanwa kwa sababu ya pesa za wateja, na mimi nasema masikio ya mtoto wa miezi mitatu yana thamani kuliko pesa hizo.

Wala si hofu ya mama mmoja. Lothian, Uskoti, ukaguzi wa huduma ya masikio ya watoto uliotolewa mwaka 2021 ulipitia majalada zaidi ya 1,000 na kukuta kasoro kubwa katika utunzaji wa watoto 155. Sisemi usajili peke yake ungewaokoa wote. Nasema wazazi wale walistahili kuwa na mlango mmoja wa kubisha, wenye nguvu ya kumzuia mtu asiendelee kupima.

Kwa mzazi mwenzangu uliye Uingereza: kabla ya kulipa, omba namba ya usajili. Ya mtaalamu wa usemi huanza na SL. Aliyesajiliwa atakupa papo hapo. Akianza kukueleza uzoefu wake badala ya namba, chukua mtoto wako mwondoke.

Jumatatu nimempelekea mbunge wetu barua ya ukurasa mmoja. Nimemwomba kitu kimoja: neno odiolojisti liingie kwenye orodha ya majina yanayolindwa.