Mpiga kinanda asiye na jina

Somo la wiki: 2 Wafalme 3:9–20, pamoja na Zaburi 92:12–15

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wafalme watatu wamezunguka siku saba na majeshi yao, maji yamekwisha, ya watu na ya wanyama. Wanateremka kwa Elisha. Nabii amekasirika, anamwambia mfalme wa Israeli wazi kwamba kama si heshima yake kwa Yehoshafati, mfalme wa Yuda, asingemtupia jicho. Kisha, kabla ya kutamka lolote kutoka kwa Mungu, anaomba aletewe mpiga kinanda. Analetwa, anapiga, na mkono wa Bwana unamjia Elisha. Kesho yake asubuhi, wakati wa kutoa sadaka, bonde linajaa maji.

Jina la Elisha tunalo, la Yehoshafati tunalo. La mpiga kinanda halikuandikwa. Aliingia kati ya nabii mwenye hasira na wafalme wenye kiu, akafanya kazi yake, na Maandiko hayamtaji tena.

Kazi yake ina jina zuri katika Kiswahili: kusindikiza. Neno tunalolitumia kwa kumtoa mgeni mpaka njia panda ndilo hilohilo la anayepiga kinanda mwenzake akiimba. Anayesindikiza hachagui mwendo. Akitangulia mno amemkimbia mgeni, akisuasua amemwacha. Wiki hii tumtazame msindikizaji mmoja ambaye jina lake lilikuja kujulikana, tena uzeeni: Violet Carson wa Manchester, Uingereza, aliyeigiza kama Ena Sharples katika tamthilia ya televisheni ya Coronation Street.

Alizaliwa tarehe 1 Septemba 1898 katika mtaa wa Ancoats, penye viwanda na moshi. Baba yake alikuwa mtu wa kinu cha unga, mama yake alipenda kuimba, na Violet na dada yake Nellie waliimba pamoja mbele ya watu wangali wadogo. Alipofika umri wa kama miaka 15 alipata kazi ya kupiga piano katika jumba la sinema. Filamu za wakati huo hazikuwa na sauti, kwa hiyo sauti yote ukumbini ilitoka kwenye vidole vya mtu mmoja aliyekaa chini ya pazia la picha, shingo imeinuliwa.

Tukae kidogo hapa, maana kazi hii ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika. Mkanda mmoja uliweza kuchukua kama robo saa, na filamu ndefu ilikuwa na mikanda kadhaa. Mpiga piano hakuweza kutegemea karatasi ya nota, kwa sababu macho yakishuka kwenye karatasi yanaikosa picha. Alihitaji akiba ya nyimbo kichwani: ya farasi wanaokimbia, ya dhoruba, ya mama anayelia, ya arusi, ya maziko. Alihitaji pia kujua namna ya kutoka katika wimbo mmoja na kuingia mwingine bila kukatika, kwa kushikilia sauti chache za mkono wa kushoto mkono wa kulia ukitafuta njia mpya. Mashine ya kuonyeshea filamu mara nyingi ilizungushwa kwa mkono, na mwendo wake haukuwa sawa kila siku. Mwendeshaji akiharakisha ili watu watoke mapema, piano nayo iliharakisha. Mkanda ukikatika, piano haikutakiwa kunyamaza, maana kimya katika giza huzaa kelele na viatu vinavyogonga sakafu. Kosa lililoumiza zaidi lilikuwa la kuchelewa: picha imehamia kaburini, vidole bado viko arusini. Ukumbi unacheka, na kilio cha mjane aliye kwenye pazia kimeharibika.

Msindikizaji hujifunza basi kukaa nusu hatua mbele kwa macho na nusu hatua nyuma kwa vidole. Anaona kinachokuja ila hakitangazi kabla ya wakati wake. Walimu wa kwaya wanaosoma hapa wanalijua jambo hili. Mpiga kinanda mzuri hamtazami mwalimu tu, huwatazama waimbaji mabegani. Bega likiinuka, pumzi inaingia. Na pumzi ikiingia, mpe nafasi hata kama nota haikuandika kituo. Kwaya ikiwa imechoka, shusha wimbo nusu sauti au sauti nzima kabla ya kuanza. Usisubiri sauti ya kwanza ipasuke katika kiitikio.

Violet aliolewa mwaka wa 1926 na George Peploe. Miaka michache tu baadaye akawa mjane, hana mtoto, na hakuolewa tena. Filamu nazo zilipoanza kusema, wapiga piano wa sinema walipoteza kazi kila mahali. Mambo mawili makubwa yaliondoka katika maisha yake karibu wakati mmoja. Alichobaki nacho ni sauti, vidole na sikio, akaendelea kuvitumia.

Akaingia redioni, BBC ya Manchester, katika miaka ya 1930. Katika kipindi cha watoto, wasikilizaji wadogo walimjua kama Shangazi Vi. Alipiga piano pia katika kipindi cha mtangazaji Wilfred Pickles kilichozunguka miji na vijiji kuwaweka watu wa kawaida mbele ya kipaza sauti. Asiyezoea kuimba hajui wimbo wake uko katika ufunguo gani; anaanza tu. Msindikizaji anamsikiliza sauti mbili tatu, anautafuta ufunguo kimyakimya, kisha anaingia chini yake polepole kama anayemshika mzee mkono. Akiingia kwa nguvu kabla hajaupata, mwimbaji atajiona ndiye aliyekosea.

Hivyo ndivyo miaka ilivyopita. Ulikuwa utumishi mwingi, na jina lililojulikana kwa kiasi.

Mwaka wa 1960 kijana wa miaka 24, Tony Warren, alikuwa ameandika tamthilia kuhusu mtaa mmoja wa wafanyakazi kaskazini mwa Uingereza, na kampuni ya televisheni ya Granada ikakubali kuitengeneza. Kila mhusika alipata mtu wake isipokuwa mmoja, Ena Sharples, mjane mkali anayetunza jengo la Ukumbi wa Misheni wa Habari Njema. Wanawake wengi walijaribiwa, hakuna aliyefaa. Ndipo Warren, aliyewahi kuigiza utotoni katika kipindi cha watoto cha redio, akamkumbuka Shangazi Vi. Aliitwa, akasoma maneno, na utafutaji ukaisha. Alikuwa na miaka 62, umri ambao wengi hufungasha.

Sehemu ya kwanza ilirushwa Ijumaa tarehe 9 Desemba 1960, saa 1 jioni, mubashara kutoka studio ya Manchester. Mipango ya kwanza ilikuwa ya sehemu 13 tu. Hata zilipoanza kurekodiwa, kukata na kuunga mkanda kulikuwa kwa wembe na kwa gharama kubwa, kwa hiyo waliigiza mfululizo kana kwamba wako hewani. Mtaa wenyewe ulijengwa ndani ya studio, mawe ya barabara yamechorwa sakafuni, na nyumba zilikuwa ndogo kuliko nyumba halisi ili zienee. Waigizaji walilazimika kutembea polepole kuliko kawaida. Ukitembea mwendo wako wa kila siku, milango inakupita upesi na jicho la mtazamaji linagundua kwamba mtaa ni mfupi. Kwa wageni wa kazi hii ilikuwa taabu. Kwa mtu aliyezoea tangu ujana kufuata mwendo wa picha, ulikuwa ni mwendo mwingine wa kufuatwa.

Mubashara hakuna kurudia. Mwenzako akisahau maneno, unamwokoa kwa kumwuliza swali lenye jibu ndani yake: badala ya kumngoja aseme kwamba kaka yake amefika, unamwuliza wewe kama kaka yake amefika. Anaitikia, na mazungumzo yanarudi njiani. Katika tamthilia za mubashara za Uingereza msimamizi wa jukwaa alikuwa hata na kitufe cha kukata sauti kwa sekunde chache ili amnong'oneze aliyekwama, na watu nyumbani walidhani televisheni zao zina hitilafu. Kuokoa mwenzako namna hiyo kunahitaji uwe unamsikiliza kweli. Anayesubiri tu zamu yake ya kusema hawezi. Sikio lile la sinema na la redio lilikuwa limefanya mazoezi ya miaka 47.

Zaburi 92 inasema mwenye haki atasitawi kama mtende, kisha inasema waliopandwa katika nyumba ya Bwana watazaa matunda hata wakati wa uzee. Wanaoijua mitende wanaelewa. Mche hukaa miaka minne, mitano au zaidi bila tende, na nguvu yake kamili huja baadaye sana. Mpita njia wa miaka hiyo anaona majani tu. Chini mizizi inashuka kutafuta maji.

Sasa Ena mwenyewe, maana kwetu waumini yeye ni somo gumu. Anaonekana mara ya kwanza akiingia katika duka la pembeni mwa mtaa, ambalo limepata mwenyewe mpya, Florrie Lindley. Koti zito, wavu wa nywele kichwani. Kabla keki zake nusu dazani hazijafungwa amekwishamhoji mama wa watu: ni mjane? anasali kanisa gani? Akipewa jibu la kusitasita, analipanga mahali pake bila huruma. Ni mtu wa misheni, kweli, na mguu wake hauko mbali na kanisa hata siku moja. Lakini swali lile la kanisa analiuliza kama anayepima unga kwenye mizani. Wengi wetu tumewahi kumkaribisha mgeni hivyo mlangoni pa ibada. Tumemwuliza anakotoka kabla ya kumwuliza kama amepata mahali pa kukaa.

Ajabu ni kwamba watazamaji walimpenda. Carson hakumlainisha ili apendwe, wala hakumfanya kinyago cha kuwacheka watu wa dini. Alimfuata alivyo, kama alivyofuata waimbaji wake. Ukimtazama Ena ameketi kwenye kinanda cha miguu katika ukumbi wa misheni, unaona mikono inayojua kazi. Kinanda kile kina kanyagio mbili, mivukuto ya kusukuma hewa na ndimi nyembamba za shaba zinazotoa sauti. Mguu mmoja lazima uanze kushuka kabla ule mwingine haujafika chini, la sivyo hewa inakatika na wimbo unahema. Ukikanyaga kwa pupa, sauti inaruka juu na kuanguka. Ngozi ya mvukuto ikichakaa hewa huvuja, na mpigaji hukanyaga maradufu huku waumini wakidhani ana haraka ya kumaliza. Chembe moja ya vumbi chini ya ulimi mmoja inatosha kuinyamazisha nota hiyo, na kila ubeti utapita na shimo mahali palepale. Mwanamke yule mwenye ulimi mkali, akiwa ameketi pale, alihudumia wimbo wa wengine.

Ena alikuwa na wenzake wawili wa kukaa nao katika chumba kidogo cha baa ya mtaa, Minnie Caldwell na Martha Longhurst. Mwezi wa Mei 1964 Martha alifia pale mezani, miwani na pasipoti yake mpya mbele yake, watu upande wa pili wakisherehekea na kuimba. Sehemu ile ilipokwisha, muziki wa kufungia haukupigwa. Majina yalipita katika kimya. Wasindikizaji wanajua kwamba kunyamaza nako ni sehemu ya kazi, tena ndiyo ngumu kuliko zote. Baada ya maombi ya mfiwa, mkono unawasha kujaza nafasi. Uache.

Heshima zilikuja. Mwaka wa 1964 ua la waridi lililozalishwa na familia ya McGredy wa Ireland ya Kaskazini liliitwa kwa jina lake. Lina rangi ya pinki ya pichi, na ya maziwa upande wa chini wa petali, nalo huchanua kwa vishada. Mwaka wa 1965 Malkia alimpa nishani ya OBE. Baadaye aliimba nyimbo za ibada katika kipindi cha televisheni cha Jumapili, na walioshangaa kumsikia Ena akiimba vizuri hawakujua kwamba kuimba kulitangulia kwa miongo mingi.

Katika miaka ya 1970 afya yake iliyumba, akawa anakuja na kuondoka, mpaka mwaka wa 1980 alipoacha kuonekana kabisa. Aliishi Bispham, karibu na Blackpool, pamoja na dada yake Nellie, yule aliyeimba naye utotoni. Huko alifariki tarehe 26 Desemba 1983, akiwa na miaka 85.

Tuombe.

Bwana, asante kwa yule uliyemleta mbele ya Elisha, ambaye wewe unalijua jina lake. Wakumbuke Jumapili hii wanaokaa kando wakipiga ili wengine waimbe. Anayekanyaga kinanda chenye mvukuto unaovuja, mpatie ngozi mpya na fundi mwaminifu. Aliye mjane, na aliyepoteza kazi kwa sababu dunia imebadili mashine, mshike. Aliye na miaka 62 na anadhani umemsahau, mpigie simu. Na mgeni atakayeingia mlangoni kwetu, apate kiti kabla ya swali. Kwa jina la Yesu. Amina.