Ina bima kubwa

Mdogo wangu wa Uswidi kanunua pikipiki ya theluji. Ndiyo, kipo kitu kama hicho, hata mimi nilikuwa sikijui mpaka juzi usiku aliponitumia video. Mbele kina skii mbili kama miguu ya bata, nyuma mkanda unazunguka kama wa katapila, na yeye anapita nacho juu ya ziwa, ziwa kabisa, maji yameganda, huku anapiga kelele kama konda wa Mbagala.

Baada ya video ikaja voisi ya dakika nne. Yuko kaskazini huko Umeå, mnamjua, yule aliyekuwa anaogopa hata kuoga maji ya asubuhi. Kanunua kwa kroni laki moja na sitini, nikapiga hesabu za harakaharaka ikaja kama milioni 40, nikaguna mwenyewe sebuleni. Sasa kakwama kwenye bima. Kule bima ya kawaida ni lazima, ile ya kumlipa utakayemgonga na ya majeruhi, bila hiyo huruhusiwi kutembea nacho. Lakini akigonga mti, au jiwe lililofukiwa na theluji (anasema mawe ndiyo adui mkubwa, huyaoni, unashtukia skii imepinda na wewe umetua kichakani), chombo chake atatengeneza kwa hela yake, mpaka akate ile bima kubwa. Na hiyo kubwa bei imechangamka, na chombo chenyewe ni cha Desemba mpaka Aprili basi, miezi iliyobaki kinalala stoo kimefunikwa turubai. "Dada, niweke nisiweke? Niulizie na kwa shemeji, si nyie mlikuwa na ile Transalp."

Ile Transalp. Nikaigeuza simu kifudifudi kwenye kochi kama vile kuna mtu ananichungulia kutoka ndani yake.

Hii habari sijawahi kumwambia mtu. Baba Nuru huwa hasomi huku. Nadhani.

Basi mnaikumbuka ile Honda Transalp, cc 680, kubwa kama ng'ombe, Baba Nuru aliinunua kwa mzungu mmoja wa Masaki aliyekuwa anamaliza mkataba anarudi kwao, milioni 14, na mimi nikanuna wiki mbili kwa sababu nyumba ya Tegeta ilikuwa bado haina dari. Baadaye nikazoea. Baadaye nikaipenda kabisa ila sikusema. Januari 2017 bima iliyokuja nayo ikaisha, na kwa kuwa yeye alikuwa anasafiri kikazi Dodoma akanikabidhi laki nane na ushee, hela taslimu kwenye bahasha, akaniambia Mama Nuru nenda kakate bima kubwa, kubwa eh, siyo ile ya kumridhisha trafiki.

Wakala alikuwa na kiofisi Mwenge, juu ghorofani, feni inazungusha joto lilelile. Alinielekeza vizuri tu, simlaumu kwa lolote. Bima ndogo, akasema, chombo chako haikihusu, hiyo inamlipa mtu uliyemuumiza au kumharibia wewe, cha kwako utajuana na fundi wako. Bima kubwa inalipa cha mwenzio na cha kwako, ukigonga, kikiungua, kikiibiwa. Halafu akashusha sauti kama daktari, akasema lakini dada hata hiyo kubwa ina eksesi, yaani kile kipande cha kwanza cha hasara unakibeba wewe, na wakilipa wanaangalia thamani ya siku ya ajali, siyo ya siku ulionunua, usije ukadhani ukiivunja leo unahesabiwa milioni 14 mkononi.

Mimi nikasikia hiyo sehemu ya pili tu. Unajua ukishakuwa na jibu lako mfukoni unasikia kinachokufaa.

Kwa sababu jibu nilikuwa nalo tangu nyumbani. Nilikuwa kijumbe, yule mkusanyaji wa hela za mchezo wa kupokezana. Mchezo wa watu 12, laki moja na nusu kila mwisho wa mwezi, na mmoja wetu, mwenyewe anajijua, alipokea zamu ya pili akahamia alikohamia na simu ikawa haipatikani tena. Waliobaki hawamtafuti yeye, wanakutafuta wewe. Kijumbe ndiyo bima ya mchezo, hilo huwa halisemwi siku ya kuanza. Na aliyekuwa anapokea mwezi ule alikuwa na mama yake amelazwa, kila jioni ananipigia, hadai, anasalimia tu. Ile salamu ilikuwa inaniua.

Nikajipigia hesabu pale pale kwenye kiti cha plastiki. Pikipiki gani hiyo itaibiwa, mwizi ataiendesha wapi Dar nzima asijulikane? Baba Nuru haendi kasi. Na mchezo na bima si kitu kimoja tu, wote mnachanga anachukua aliyefikiwa, tofauti ni kwamba kwenye bima unaomba zamu yako isifike. Kwa hiyo ikikaa mwaka mzima haijafika, hela si itakuwa imepotea bure? Mwezi wa tano nami napokea mchezo, nakuja kupandisha bima iwe kubwa, hakuna atakayejua. Nikalipa ndogo, elfu hamsini na kitu. Wakala akanipa stika ya karatasi na kava noti, ile hati ya bima, nikavifunga kwenye mfuko wa nailoni na kadi ya pikipiki, nikaviweka chini ya siti, mahali pake pa siku zote. Inayobaki ikaenda kwenye mchezo siku hiyohiyo. Sikuiba, jamani. Niliazima bila kuomba.

Sasa Aprili. Masika yenyewe, mvua imetoka kukata, lami imelowa na mchanga umesombwa na maji umetandazwa barabarani kama mtu kaumwaga makusudi. Tunaenda kikao cha harusi Sinza, tumechelewa, mimi nyuma nimekusanya gauni la kitenge mapajani na bahasha ya michango nimeibana kwapani. Tangi Bovu hapo bajaji ikachomoka kushoto kama imetupwa.

Kuanguka kwenyewe sikukumbuki. Nakumbuka nimeshakaa tayari, kwenye ukingo wa mtaro, mguu mmoja una kiatu, na bahasha bado iko kwapani, fikiria, nimerushwa na kwapa halijafunguka. Pikipiki imelala ubavu, taa ya mbele bado inawaka inamulika maji ya mtaroni yanavyokimbia na chupa za plastiki, na tairi la nyuma linazunguka polepole linajimaliza, tik, tik, tik. Rejeta inavuja maji ya kijani. Nilikuwa nayaangalia yale maji ya kijani yanaingia kwenye matope nikawa nawaza rangi nzuri, yaani ubongo nao una mambo yake.

Baba Nuru nikamwona amekaa chini hatua kama tano, suruali imechanika gotini, damu ipo lakini siyo ile ya kutisha. Helmeti bado kichwani.

Mnajua bodaboda wetu wanavyotokea. Dakika haijaisha wameshajaa, wengine sijui walitokea wapi, na mmoja keshachomoa ufunguo wa bajaji. Dereva ni kijana mdogo, sidhani kama alikuwa na miaka 20, kavaa jezi ya Simba iliyopauka, analia kabisa machozi, "mzee nisamehe, siyo yangu, ya bosi, hata hesabu ya leo sijafikisha". Kofi la kwanza likatua. La pili. Mwingine nyuma nikamwona anainama kuokota tofali, lile la kuzuia tairi la lori, na aliliinua taratibu bila hasira yoyote usoni, kama mtu anayesaidia kazi.

Ndiyo Baba Nuru akasimama. Akavua helmeti, akaipangusa kwa kiganja, akacheka. Naapa alicheka. "Jamani, jamani. Mwacheni kijana wa watu. Watu wazima, hii si chuma tu? Na tena ina bima kubwa." Watu hawakumsikia wote, akarudia kwa nguvu, "Ina bima kubwa!" Kelele zikapungua. Yule wa tofali akabaki nalo limening'inia mkononi. Halafu Baba Nuru akageuka upande wangu, na kila mtu akageuka naye, bodaboda, kijana mwenye machozi na kamasi, mama wa mihogo ya kukaanga na mwiko wake, wote wananitazama mimi niliyekaa na kiatu kimoja.

"Si ndiyo, Mama Nuru?"

Sijui zilipita sekunde ngapi. Nakumbuka tik ya lile tairi ilikuwa imekoma. Nilijua nikisema hapana, pale pale palikuwa na mambo mawili: aibu yangu, na lile tofali. Na nilijua nikisema ndiyo yule kijana anaondoka na bajaji yake na namba yake ya usajili, na bima yake yeye, hiyo ndogo ya kwake, ndiyo pekee iliyokuwa ya kutulipa, maana kosa lilikuwa lake. Haya yote niliyajua kwa sababu ya wakala wa Mwenge na feni lake. Nikasema, "Ndiyo." Na kwa kuwa mwongo huwa hajui kunyamaza nikaongeza hata sijaulizwa, "Tulilipa Januari."

Tofali likawekwa chini. Kijana akarudishiwa ufunguo, akatushika mikono wote wawili akiinama, akaondoka mbio, hata trafiki hakuitwa. Mihogo tukapewa bure.

Yaliyofuata ni marefu lakini nayapitisha. PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, tulichukua kwa ajili ya goti lake na bega langu, nyuzi nne kwake, mimi michubuko. Pikipiki ikabebwa kwenye kirikuu mpaka kwa fundi Kinondoni, fundi akaizunguka mara tatu anatikisa kichwa: foku zimepinda, rejeta hakuna, usukani, plastiki za mbele zote, na spea zake huzikuti Kariakoo, mpaka uagize nje. Milioni tatu kasoro, bila ufundi. Baba Nuru akaniambia basi Mama Nuru washtue bima.

Nikakaa na hilo siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia wamekataa. Kwa nini? Wanataka ripoti ya polisi ya ajali na maelezo ya chombo kilichotugonga, na sisi hatukuita trafiki wala hatukuandika namba ya bajaji. Na uzuri au ubaya wa uongo ule ni kwamba ulikuwa na mifupa ya kweli, bima gani italipa bila ripoti ya polisi? Akakaa kimya muda, akajikuna lile bandeji, akasema, "Basi kosa langu. Mimi ndiye niliyemwachia yule dogo."

Nikamwacha aseme hivyo.

Ilikaa kwa fundi mpaka Novemba ikiwa imefunikwa boksi, ikauzwa ilivyo kwa jamaa wa Arusha, milioni tano na nusu. Mwezi wa tano mchezo nilipokea kweli, nikanunua dari, ndiyo hii mnayoiona kwenye picha za kipaimara cha Nuru. Na miaka yote hiyo kwenye vikao vya ndugu mtu akianzisha habari ya ile pikipiki Baba Nuru anaisimulia yeye, anavyocheka, anavyomwachia kijana, na mwisho anasema huruma yangu iliniponza, watu wanacheka, na mimi nainuka kwenda kuangalia jikoni kama kuna kitu kinaungua.

Kitu kimoja ndiyo kimekuwa kinanisumbua, na voisi ya juzi imekichokonoa upya. Ule mfuko wa nailoni chini ya siti. Kati ya Januari na Aprili trafiki walimsimamisha si chini ya mara tatu, alikuwa anakuja kunisimulia, na kila mara ni lazima alitoa ile kava noti akaikabidhi, na aina ya bima imeandikwa wazi juu pale, mtu wa darasa la saba anaisoma, sembuse yeye mhasibu. Kwa hiyo aidha hakuwahi kuitazama, au aliitazama. Na kama aliitazama, lile "si ndiyo, Mama Nuru" la Tangi Bovu alikuwa ananiuliza, ananipa nafasi, au alikuwa ananiomba tu tumuokoe mtoto wa watu kwa pamoja?

Jana usiku mezani nikajikaza. Nikamchezea ile voisi yote, dakika nne, ziwa, mawe, turubai, niweke nisiweke. Alikuwa anachambua samaki, hakuinua kichwa. Ilipofika "niulizie na kwa shemeji" akatabasamu kidogo.

"Mwambie aweke," akasema. Akatoa mwiba mdomoni, akaulaza pembeni ya sahani. "Ila akalipe mwenyewe, asimtume mtu."

Halafu akaniomba ndimu.

Nikampa. Mdogo wangu bado hajajibiwa, tiki mbili za bluu zinamwangalia huko kwake tangu juzi.