Nembo ya kampuni ya nyumba niliyoianza na mhuri

Mwenye kampuni ya kuuza nyumba na viwanja hapa Lamu aliponipa kazi ya nembo, alikuja na orodha yake mkononi: paa la pembe tatu, ufunguo, mnazi, jua linalokuchwa na jahazi likipita chini yake. Rangi tano. Nikamuuliza, "Bwana, nembo hii utaitumia wapi zaidi?" Akasema kwenye mikataba ya mauzo. Basi tuanze na mhuri, nikamwambia.

Mhuri wa raba una wino mmoja, na wa ofisi nyingi hauzidi sentimita nne. Mistari myembamba hujaa wino ikashikana. Nilichapa orodha yake yote kwa wino mweusi, kwa ukubwa huohuo, nikamwachia aitazame. Mnazi ulikuwa doa. Aliuondoa mwenyewe, na jua, na ufunguo, kisha jahazi kwa shingo upande.

Paa ndilo lililotukalisha. Kampuni za nyumba kila mahali zinalipenda, na penye nyumba za mabati au vigae sina ugomvi nalo. Lakini majumba ya mawe ya Mkomani, ambayo ndiyo yaliyoufanya mji huu uingizwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, yana dari bapa za boriti za mikoko, matumbawe na chokaa; penye paa lililochongoka, mara nyingi ni la makuti. Isitoshe, katika vichochoro vyetu mgeni akiinua shingo anaona ukuta tu. Kitu cha kwanza anachokiona cha nyumba ni mlango.

"Maalim, sasa nyumba iko wapi?" aliniuliza nilipomwonyesha mchoro.

"Iko nyuma ya mlango, Bwana."

Nakshi sikuzigusa, ingawa ndizo watu wanazozipiga picha. Zikipunguzwa mpaka ukubwa wa mhuri hazibaki. Nilichukua umbo tu: fremu, mbao mbili, na mfaa, ule mwimo wa katikati zinapokutana mbao. Mfaa nikaunenepesha. Ubao mmoja nikaujaza wino, wa pili nikauacha mtupu, uonekane umefunguliwa. Jina la kampuni likakaa chini kwa herufi nene zisizo na vikia, vile vijistari vya kwenye ncha za herufi.

Ndipo tukaja kwenye rangi. Yeye alitaka manjano na kijani. Kenya hii rangi zina wenyewe: manjano na kijani utaambiwa ni chama cha UDA, machungwa ni cha ODM, na msimu wa kampeni bango lako litasomwa na watu ambao hawakuja kutafuta kiwanja. Halafu kuna jua la pwani. Bango lililochapwa likikaa nje, wino wa manjano na wa majenta, ile waridi iliyokoza ya wachapaji, kwa kawaida hutangulia kupauka, ndiyo maana mabango ya zamani hubaki na ubuluu-buluu. Nikaona afadhali tuanze na buluu yenyewe, iliyokoza, juu ya weupe wa chokaa.

Buluu nayo ina mtego wake. Kwenye skrini inatokana na mwanga. Kwenye karatasi inachanganywa kwa wino, na sayani, buluu ya wachapaji, ya asilimia 100 ikikutana na majenta ya asilimia 100 unapata zambarau. Nilishusha majenta mpaka 65, nikatia nyeusi kidogo, nikaomba kipande cha majaribio kabla ya kuchapa chochote. Kipande hicho ndicho nilichompelekea fundi anayeandika majina ya mashua, achanganye rangi ya bango la mbao akikilinganisha nacho nje, mchana. Kumwonyesha kwenye simu hakufai, kila simu ina buluu yake.

Ombi la kusajili alama ya biashara kwenye KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama hizo, tulilipeleka kwa nyeusi na nyeupe, daraja la 36, ambamo zimo huduma za nyumba na ardhi. Alama isiyofungwa kwenye rangi maalumu huhesabiwa kisheria kuwa imesajiliwa kwa rangi zote, na usajili ni wa miaka 10, kisha unahuishwa. Mteja alifurahia kipengele hicho kuliko mchoro wenyewe. Tayari ameuliza kama kadi zake zinaweza kuwa za dhahabu. Zinaweza, kwa malipo mengine.